Perege wa Mto Pangani: Kuhesabu Kwanza, Kurudisha Baadaye

Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi huvuka mito midogo mmoja baada ya mwingine: Tengeru, Usa, Maji ya Chai na mingineyo. Yote huteremka kutoka Mlima Meru. Msafiri aliyeketi ndani ya basi haoni zaidi ya daraja fupi, migomba, na pengine mtoto anayeteka maji. Lakini maji hayo yana safari ndefu mbele yao. Huko chini tambarare hukusanywa na Mto Kikuletwa, ambao hupokea pia maji ya Kikafu na Weruweru kutoka Kilimanjaro, ukayafikisha katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawani humo yanakutana na maji ya Mto Ruvu utokao Ziwa Jipe, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Likiisha bwawa, mto huitwa Pangani, nao hupita Korogwe na Hale hadi kumwagika katika Bahari ya Hindi. Tangu mlimani hadi baharini ni mwendo wa kilomita 500 hivi.

Katika mwendo huo maji ya Meru na Kilimanjaro hufanya kazi mara tatu ya kuzalisha umeme. Kituo cha Nyumba ya Mungu kina uwezo wa megawati 8. Cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964, kina megawati 21. Na kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, kilichojengwa katika miaka ya 1990 mahali palipokuwa na kituo cha zamani cha enzi ya Waingereza, kina megawati 68. Jumla ni megawati 97. Umeme huo hujulikana kiasi chake kwa usahihi mkubwa, kwa sababu kila mtambo una mita yake. Samaki wa mto huo hawana mita. Ndiyo maana swali linaloonekana rahisi, yaani "je, samaki wamepungua kwa kiasi gani tangu mto uzibwe?", limewasumbua wataalamu kwa zaidi ya nusu karne. Na swali la pili, la namna ya kuwarudisha, haliwezi kujibiwa kabla ya lile la kwanza.

Miaka ya neema na miaka ya njaa

Ukuta wa Nyumba ya Mungu ulikamilika katikati ya miaka ya 1960. Maji yalipanda polepole yakafunika vichaka na nyasi za mbuga, hata likapatikana ziwa ambalo likijaa lina eneo la kilomita za mraba 150 hivi. Yaliyofuata yameonekana katika mabwawa mengi mapya duniani, Kariba likiwa mojawapo. Mimea iliyozama huoza na kutoa chumvi zenye rutuba. Rutuba hiyo hulisha mimea midogo sana ielekeayo majini, isiyoonekana kwa macho matupu; mimea hiyo nayo huliwa na wadudu wa majini na samaki. Matawi ya miti iliyofunikwa huwa maficho ya vifaranga. Samaki walao wenzao bado ni wachache, na nyavu nazo bado ni chache. Katika hali kama hiyo perege huzaana kwa wingi wa kustaajabisha.

Habari za neema hiyo zilienea upesi. Wavuvi walifika kutoka pande nyingi za nchi, vijiji vikaota kando ya maji, na mwaka 1970 mavuno ya bwawa yalikadiriwa kuwa tani 28,000 hivi. Mwanafunzi akigawanya kiasi hicho kwa eneo la bwawa lililojaa atapata karibu kilo 1,900 kwa kila hekta moja ya maji. Wakulima wengi wa mahindi wasingechukia kupata kilo hizo katika hekta zao, wakati wavuvi hawakupanda wala kupalilia. Miaka michache tu baadaye mavuno yalikuwa yameporomoka hata kubaki sehemu ndogo ya kiasi kile, na neema ya mwaka 1970 haijaonekana tena.

Wapo waliosema kwamba wavuvi wamemaliza samaki. Wapo waliosema kwamba bwawa limezeeka. Wote wawili walikuwa na sehemu ya haki, lakini hakuna aliyeweza kupima sehemu yake, kwa sababu tarakimu iliyokuwapo ilikuwa ni ya tani zilizotua nchi kavu. Tani za samaki waliovuliwa ni zao la mambo mawili: wingi wa samaki majini na wingi wa nyavu zinazowatafuta. Nyavu zikiongezeka maradufu, tani zinaweza kupanda huku samaki wakiisha. Tarakimu hiyo inaweza hata kufurahisha ofisi kwa miaka kadhaa kabla ya anguko.

Mwaka 1974 wanabiolojia walifanya uchunguzi mpana wa bwawa hilo, kuanzia chumvi za maji na magugu ya pwani hadi samaki, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Uchunguzi ule una thamani hata leo, kwani bila picha ya zamani hakuna awezaye kusema kilichopotea. Inasikitisha kwamba picha ya kabla ya ukuta, yaani ya mto wenyewe ulipokuwa ukitiririka huru, ni hafifu mno.

Ukuta unavyomgusa samaki

Ni kosa kudhani kwamba dhara la bwawa ni moja tu, la kumzuia samaki asipite. Kwa perege wa Pangani, dhara kubwa linatokana na kupanda na kushuka kwa maji.

Perege dume huchimba kiota kama sahani katika matope ya maji mafupi. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai na kuyaatamia kinywani mwake mpaka vifaranga waweze kujitegemea. Hata hapo vifaranga hubaki pembeni, kwenye maji ya vuguvugu yenye majani, ambako samaki wakubwa hawafiki kwa urahisi. Sasa, bwawa la umeme halina kingo za kudumu. Mvua ikinyesha maji hupanda. Mitambo ya chini ikihitaji maji, usawa hushuka kwa mita kadhaa katika miezi michache. Pwani ya Nyumba ya Mungu ina mteremko mdogo, kwa hiyo mita moja ya kushuka huacha eneo kubwa la matope likiwa wazi. Viota hubaki nchi kavu. Majani yaliyokuwa chekechea ya vifaranga hukauka, na ng'ombe huja kuyalisha.

Chini ya ukuta hali ni kinyume chake: huko tatizo ni maji kutobadilika vya kutosha. Zamani Pangani ulifurika kila masika na kuingia katika mabwawa ya asili ya Kirua. Kambare na perege waliyafuata mafuriko hayo hadi katikati ya nyasi, wakazaliana na kunenepa, na maji yalipojitenga wakavuliwa kwa migono na nyavu. Nyumba ya Mungu iliponyakua mafuriko hayo na kuyatoa kidogo kidogo mwaka mzima, kama mitambo inavyotaka, sehemu kubwa ya Kirua ilikoma kufurika. Hakuna ukuta uliojengwa Kirua. Samaki wake walipungua kwa sababu ya ratiba iliyobadilishwa mbali, juu ya mto.

Kisha wapo wale ambao kweli huzuiwa na ukuta. Mkunga wa mtoni ni mfano wake. Samaki huyu mrefu kama nyoka huishi miaka mingi katika maji baridi, lakini huzaliwa baharini; wanasayansi wanaamini kwamba mikunga wa mito yetu ya mashariki huzaliwa mbali, upande wa Madagaska. Mtoto wake, mwembamba na mwangavu kama kioo, huingia mtoni na kupanda. Anaweza kuambaa juu ya mwamba wenye unyevu, hata maporomoko hayamkatishi tamaa, lakini ukuta mkavu wa saruji humshinda. Na mkunga mzima anayerudi baharini kuzaa hana njia nyingine ila kupitia katika mitambo, ambako urefu wake humponza.

Yamkini msomaji wa Tengeru atauliza kama mito ya huku juu, isiyokuwa na kuta kubwa, imesalimika. Haikusalimika sana. Mifereji ya umwagiliaji, ambayo Wameru na Wachaga walijua kuichimba tangu kale, sasa ni mingi kuliko zamani, na mashamba yanayotaka maji wakati wa kiangazi yameongezeka. Katika kiangazi kikali baadhi ya vijito hubaki madimbwi. Dawa za mashambani nazo huoshwa na mvua kuingia humo. Kwa hiyo bwawa hupokea maji machache zaidi, nalo hupunguza kiasi cha kutoa. Msimamizi wa mitambo na mvuvi wa Kirua wanagombania tone ambalo lilikwisha kugombaniwa milimani.

Kuwahesabu wasioonekana

Mchungaji huhesabu ng'ombe wake wanapotoka zizini. Samaki hawana zizi, hivyo mtaalamu hulazimika kuhesabu kwa hila. Hila hizo ni za kisayansi, na baadhi yake zinaweza kujaribiwa darasani bila gharama.

Ya kwanza ni ya kutia alama na kukamata tena. Tuseme katika dimbwi wamevuliwa perege 200, kila mmoja akakatwa ncha ndogo ya pezi au akafungwa kibandiko chenye namba, kisha wote wakarudishwa majini. Baada ya siku kadhaa, walipokwisha kuchanganyika na wenzao, wakavuliwa perege 150, na miongoni mwao 12 wakaonekana na alama. Ikiwa alama ni 12 katika 150, basi inakisiwa kwamba uwiano huohuo upo dimbwini kote. Idadi ya wote ni 200 mara 150, gawanya kwa 12, yaani 2,500. Wataalamu huongeza marekebisho madogo ili kupunguza kosa linalotokea wakati waliokamatwa tena ni wachache: (201 × 151 ÷ 13) − 1, ambayo hutoa 2,334 hivi. Tofauti kati ya majibu hayo mawili inafundisha jambo: hesabu ya samaki ni makadirio yenye upana, na mtu anayetaja idadi moja kavu bila kutaja upana wake hajamaliza kazi.

Mwalimu wa Biolojia au Hisabati anaweza kufanya jaribio hilo kwa ndoo ya maharage meupe na kalamu ya wino. Wanafunzi wachote konzi, watie alama, warudishe, watikise, wachote tena. Kisha wamwage ndoo na kuhesabu yote. Wakirudia bila kutikisa ndoo wataona jinsi jibu linavyopotoka, na watakuwa wamegundua wenyewe sharti kuu la njia hii: wenye alama lazima wachanganyike sawasawa na wasio nayo. Masharti mengine ni kwamba alama zisidondoke, wenye alama wasife zaidi ya wenzao, na pasiwe na wanaoingia wala kutoka. Katika bwawa lenye kilomita za mraba zaidi ya mia moja na mito miwili mikubwa inayoingia, masharti hayo ni magumu kuyatimiza. Dimbwini yanawezekana.

Kwa vijito vyembamba kama Tengeru au Usa ipo njia nyingine. Kipande cha mto chenye urefu wa mita 50, mathalani, huzibwa kwa wavu juu na chini. Samaki huvuliwa humo mara tatu kwa juhudi ileile bila kurudishwa hadi kazi iishe. Tuseme mvuo wa kwanza umetoa 60, wa pili 42, wa tatu 29. Kila mvuo umechukua takribani asilimia 30 ya waliokuwapo. Ikiwa 60 ni asilimia 30, basi mwanzoni walikuwapo kama 200. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa chombo cha umeme kidogo kinachowalevya samaki kwa muda mfupi bila kuwaua. Hata hivyo maji ya Meru yana chumvi nyingi zilizoyeyuka kutoka katika miamba ya volkano, floraidi ikiwa mojawapo, na maji ya chumvi huendesha umeme kwa wepesi. Chombo kilichorekebishwa kwa mito ya Ulaya kitamshangaza mtumiaji wake hapa. Pia hakifai kuchezewa na asiyefunzwa. Wanafunzi watumie wavu.

Kwa bwawa lenyewe kipimo kinachofaa zaidi ni cha mavuno kwa kila juhudi: kilo ngapi kwa wavu mmoja wa urefu fulani, wenye matundu ya ukubwa fulani, uliolala majini usiku mmoja. Kipimo hiki hakisemi idadi ya samaki, lakini kikichukuliwa kwa namna ileile mwaka baada ya mwaka husema kama wanapanda au wanashuka, na hakidanganywi na kuongezeka kwa wavuvi. Pamoja nacho hupimwa urefu wa kila samaki. Perege wanaovuliwa wakiwa wadogo kila mwaka kuliko mwaka uliotangulia ni dalili mbaya, ingawa hapa pia pana mtego: perege aliyesongamana au aliyebanwa na shida huanza kuzaa akiwa mdogo mno, hivyo kundi la samaki wafupi huenda likawa la wazee waliodumaa badala ya watoto. Ili kuwatenganisha, mtaalamu hutazama pete katika magamba au katika kijiwe kilichomo sikioni mwa samaki, kama msitu unavyosomwa katika kisiki.

Perege yupi?

Mpaka hapa neno "perege" limetumika kana kwamba ni samaki mmoja. Sokoni ni mmoja. Kwa sayansi ni kundi, na hapa ndipo suala la Pangani linapokuwa zito.

Bonde hili lina perege wake wa asili. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki huko Jinja, alieleza kwa mara ya kwanza spishi kadhaa kutoka hapa. Leo majina mawili ndiyo yanayotajwa zaidi: Oreochromis jipe, aliyepewa jina la Ziwa Jipe na ambaye wataalamu wengi sasa wanamhesabu pamoja na yule aliyeitwa zamani pangani, na Oreochromis korogwe wa sehemu za chini. Yuko pia Oreochromis hunteri wa Ziwa Chala, ziwa la kreta lililo mlimani upande wa Taveta. Jipe na hunteri wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hawapatikani kwa asili penginepo popote duniani.

Juu ya hao wameletwa wageni. Tangu mwaka 1949 ufugaji wa samaki ulifanyiwa majaribio Korogwe na Malya, na katika miongo iliyofuata vifaranga walisambazwa katika malambo na mabwawa ya nchi. Nia ilikuwa njema: kuwapa wananchi kitoweo. Ngege wa Ziwa Viktoria, Oreochromis esculentus, aliletwa hivyo katika bonde la Pangani akastawi Nyumba ya Mungu. Kwa kinaya cha historia, samaki huyo baadaye karibu atoweke kwao Viktoria. Baadaye akaja sato, Oreochromis niloticus, na perege mwingine mwenye madoa ya buluu, Oreochromis leucostictus. Sato hukua upesi, hula karibu kila kitu, na hustahimili maji yasiyo na utulivu. Ndiye mpenzi wa wafugaji.

Tatizo ni kwamba spishi hizi huweza kuzaliana. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya watafiti wa Tanzania na Uingereza waliochunguza chembe za urithi za perege wa kaskazini mwa Tanzania. Katika bonde la Pangani walikuta machotara: wa sato na jipe, wa leucostictus na jipe, na wa sato na korogwe. Walikuta pia kwamba machotara hawatambuliki kwa uhakika kwa umbo la mwili na kichwa peke yake. Mvuvi mzoefu, karani wa mnada, hata mtaalamu mwenye rula, wanaweza kumpita chotara bila kujua.

Lakini matokeo yaleyale yalikuwa na habari njema. Machotara walikuwa bado wachache kuliko samaki halisi. Perege wa asili wa Pangani hajayeyuka katika damu ya wageni. Yupo, ana watoto, na anaweza kuokolewa akiwa mwenyewe. Muda huo wa kumwokoa hauna tarehe iliyoandikwa, nao unafupishwa na kila ndoo ya vifaranga inayomwagwa mtoni bila kuuliza wametoka wapi.

Nini hurudishwa

Dawa inayopendwa zaidi samaki wanapopungua ni kupandikiza vifaranga. Huonekana kwa macho, hupigwa picha, na hugharimu kiasi kinachojulikana. Katika bonde la Pangani ndiyo dawa ya kuogopwa kuliko zote. Ikiwa vifaranga ni wa sato, kinachorudishwa ni tani, na samaki wa asili husogezwa hatua moja karibu na kutoweka. Ikiwa ni wa jipe, lazima wazazi wao wawe wamethibitishwa kwa chembe za urithi, wawe wengi kiasi cha kutosha ili kizazi kisidhoofike kwa kuoana ndugu kwa ndugu, na maji watakamowekwa yawe na sababu ya kuwatunza. Kupandikiza kifaranga katika pwani itakayokauka mwezi ujao ni kulisha korongo.

Kupumzisha uvuvi ni dawa ya pili. Zaidi ya mara moja uvuvi wa Nyumba ya Mungu umesimamishwa kwa muda ili samaki wazaane, na makokoro yenye matundu madogo yamepigwa vita. Mapumziko husaidia, kwani perege huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Ila familia za kando ya bwawa, katika wilaya za Mwanga, Moshi na Simanjiro, hulipa gharama yake kila jioni. Ni haki yao kuonyeshwa matokeo. Pasipopimwa mavuno kwa kila juhudi kabla ya kufunga na baada ya kufungua, mapumziko hayo ni jaribio lisilo na jibu.

Njia za kupitisha samaki, yaani ngazi za maji zilizojengwa kando ya kuta huko Ulaya na Marekani, zilibuniwa kwa ajili ya samoni, samaki arukaye kwa nguvu. Kunakili ngazi hiyo kwa ajili ya kambare na perege si busara. Mkunga, kwa upande wake, anahitaji kitu rahisi zaidi: mfereji mwembamba wenye mteremko, uliowekwa brashi au kokoto na kuloweshwa maji daima, ambao mtoto wa mkunga anaweza kuuambaa. Wapo waliokwenda mbali zaidi. Katika Mto Elwha, jimbo la Washington nchini Marekani, kuta mbili za zamani zilibomolewa kati ya 2011 na 2014, na samoni wakarudi kupanda mto uliokuwa umefungwa kwa karibu karne. Pangani haiwezi kutazamia hilo leo. Umeme wake na umwagiliaji wake vina watu wengi wanaovitegemea.

Kinachobaki, na ambacho kina nguvu kuliko vyote, ni maji yenyewe na ratiba yake. Katika miaka ya 2000 bonde la Pangani lilikuwa miongoni mwa mabonde ya kwanza Tanzania kufanyiwa tathmini kamili ya maji ya mazingira, chini ya ofisi ya bonde iliyoko Moshi na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira. Wataalamu wa mtiririko, mimea, samaki, mlango wa mto na uchumi wa kaya walikaa pamoja wakauliza: maji yakigawiwa hivi, nini kitatokea kwa kila mmoja? Wakiyagawa vile, je? Ubora wa njia hiyo ni kwamba humwonyesha mwenye uamuzi bei ya kila chaguo, megawati upande huu na kambare wa Kirua upande ule. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inatambua akiba ya maji kwa ajili ya mazingira. Kwa samaki, akiba hiyo haitoshi kuwa kiasi tu. Ni lazima iwe na majira. Furiko dogo la majuma machache wakati wa masika, na usawa wa bwawa usioshushwa ghafla wakati perege wanaatamia, vinaweza kuzaa vifaranga wengi kuliko kituo chochote cha kuzalishia.

Haja ya kujua hayo haiishii Pangani. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 na kuanza kutoa umeme mwaka 2024. Chini yake kuna maziwa madogo na bonde la mafuriko linalolisha wavuvi hadi delta. Huko picha ya kwanza bado inaweza kuchukuliwa kabla samaki hawajasahau mto wa zamani.

Na kazi nyingine iko karibu zaidi na shule za Arumeru. Hakuna shaka kwamba perege halisi wanaofaa kuwa mbegu watatafutwa katika maji ambayo sato hajafika: vijito vya juu, chemchemi za tambarare, madimbwi yaliyojitenga na mto mkuu. Tengeru penyewe ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa mwaka 2012, na kazi ya aina hiyo inafaa kuanzia mahali kama hapo. Lakini wachukuaji wa sampuli wanaweza kuwa wengi. Siku ya soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, mwanafunzi anaweza kuomba ruhusa ya muuzaji na kuwatazama perege wabichi. Mkia wenye mistari ya wima iliyo wazi, kutoka juu hadi chini, ni dalili ya sato. Mkia usio na mistari hiyo hauthibitishi chochote, kwa sababu chotara anaweza kuwa nao vilevile. Hivyo hukatwa kipande cha pezi cha ukubwa wa ukucha, hutiwa katika kichupa chenye spiriti, na juu yake huandikwa kwa penseli tarehe, urefu wa samaki, na jina la maji alikovuliwa. Wino huyeyuka katika spiriti.